Mama mkwe wa dada ni Mkorsika, kila akishangaa anasema "awaa!", anatusema au?

MtotoWaTabata

Wakuu habari za jumapili. Kuna mtu humu anajua Kikorsika? Korsika ile ile, kisiwa cha Ufaransa alikozaliwa Napoleon. Nimeuliza watu wawili watatu kazini wote wanadhani ni aina ya mbwa.

Kisa chenyewe ni hivi, dada yangu amepata mchumba mtu wa Bastia, walijuana hapa hapa Dar, kijana mstaarabu tu hana shida. Juzi upande wa mwanaume wakaja kujitambulisha nyumbani, jamaa kaja na mama yake mzazi pamoja na mjomba. Sisi tukajipanga, turubai, viti vya kukodi, mshenga yupo, mashangazi wametoka mpaka Morogoro. Sasa yule mama toka anashuka kwenye gari mpaka anaondoka mdomoni ana maneno mawili tu, "awaa!" na "mi!". Anaona turubai lilivyojaa, "awaa!", mashangazi wanaingia na vigelegele, "awaaa!" huku anatikisa kichwa. Bi mkubwa wangu akaanza kununa. Anasema huyu mwanamke anatukagua halafu anasema "hawa", yani hawa kama vile katuokota wapi sijui. Namwambia mama huyu Kiswahili hajui hata karibu, ananijibu "mwanae si anajua, atakuwa kamfundisha".

Hiyo ya pili ndo vichekesho. Likaletwa fenesi zima likapasuliwa pale pale mbele ya wageni, yule mama macho yakamtoka, ananyoosha kidole "mi! mi!". Shangazi akajua anasema mimi, mimi, yani anataka, akamrundikia sahani. Akaonyesha sinia la pilau "mi!", akaongezewa pilau. Akaonyesha kuku. Masikini alikula jasho linamtoka na hakuna wa kumwokoa maana shemeji alikuwa nje na wazee wanaongelea mahari.

Sasa naomba kujua, hayo maneno ni ya kushangaa au ya kudharau? Na hawa watu kwa ujumla wakishangaa wanasemaje, maana harusi mwezi wa nane na ukoo mzima unakuja, nataka nimuelimishe mama mapema kabla hajaweka kinyongo. Shemeji nikimuuliza anacheka tu anasema mama yuko hivyo. Kifaransa changu kinaishia bonjour.

---

Chizi_wa_Kkoo

Nimekaa pale na karanga zangu nasubiri wajuzi waje. Ila huyo shangazi wa Morogoro atunzwe jamani 😂😂 mgeni kaonyesha kidole tu kashindiliwa kuku

---

Mwl_Kibwana

MtotoWaTabata, mwambie bi mkubwa atulie kabisa. Alichosikia siyo "hawa", ni *avà*. Linaandikwa kwa v, lakini watu wa kaskazini mwa kisiwa, na Bastia ndo kaskazini kwenyewe, ile v ikikaa katikati ya irabu mbili wanailegeza mpaka inasikika kama w. Sikio la Mswahili lazima lisikie "awaa".

Maana yake ya kila siku ni "sasa". Nakuja sasa, tunaondoka sasa, ni hilo hilo. Ila likitoka peke yake na mwisho ukavutwa, hapo mtu anashangaa, haamini anachoona au anachoambiwa. Ni kama sisi tunavyosema "weee!" au "acha bwana!". Na usione ajabu sasa kugeuka mshangao, hata hapa mtu akikuta daladala imempita na abiria wananing'inia mlangoni si anasema "sasaa!", hamuulizi mtu saa pale.

Linatumika kwa zuri na kwa baya. Mwambie Mkorsika harusi itakuwa na watu mia tano, "avà!". Mwambie yule jirani yenu mgomvi ameokoka, "avà!". Kwa hiyo neno lenyewe halikwambii kama kafurahi au kakasirika, unaangalia uso na unaangalia linafuatwa na nini. Likifuatwa na *basta*, yani *avà basta!*, hapo mtu kachoka, anasema sasa basi imetosha, hapo ndo mwite shemeji haraka. Kama yule mama alikuwa anatikisa kichwa huku anaangalia mashangazi wanacheza, huyo alikuwa anawashangaa kwa uzuri. Huko kwao mtu kwenda kujitambulisha kwa wakwe halafu akute turubai na vigelegele, ungekuwa wewe usingeshangaa?

Hiyo "mi" nawaachia wengine, namuona Baharia yupo hewani.

---

Baharia_Mstaafu

Nipo mwalimu nipo. Mimi nilikaa Marseille sana enzi zile kabla magoti hayajanikatalia, na Marseille imejaa Wakorsika bandarini pale, meli za abiria zinaenda Bastia na Ajaccio kila leo, kwa hiyo hawa jamaa nawajua kwa kelele zao kabla hata ya majina yao. Hiyo ni *mì!* na maana yake "ona!", basi. Ni kifupi cha *mira*, tazama. Wabongo mnasema "cheki!" au "ona huyu!", wao wanasema mì na kidole juu, na kitu kikizidi wanairudia mì mì mì. Kwa hiyo yule mama alikuwa anamwambia mjomba ona tunda hilo, ona sinia hilo, ona kuku huyo, nyie mnapakua 😂 pole yake kwa kweli.

Halafu mjue hawa watu kukata maneno ndo kazi yao. Akikuita hamalizi jina lako, anaanza na "o" halafu anakwenda mpaka pale mkazo ulipo anaacha hapo hapo. Antone anakuwa *O Antò!*, Dumenicu *O Dumè!*, baba yake anamwita *O Bà!*, mama *O Mà!*. Na huku kuita ndo nusu ya kushangaa kwao, mtu kasimuliwa jambo zito hajibu chochote, anataja tu jina lako kwa mtindo huo, *O Antò...*, sauti inashuka, umeshaelewa kwamba kashtuka na anataka uendelee kusimulia. Nilikuwa na foromani mmoja pale gatini ungemuona, kontena likidondoka au mtu akiolewa ni *O Marì!* ile ile, Maria mwenyewe mkewe yuko nyumbani wala hasikii.

Shemeji akimwita mama yake mbele yenu "O Mà" msidhani anaigiza Kiswahili, ndivyo walivyo.

Kuna zingine za bandarini za kumtaja Madonna na damu humo humo siwezi kuandika humu, kuna watu wanasoma na watoto. Ila *O Madonna!* tupu haina shida hata kidogo, bibi yoyote anaitumia.

---

Fundi_wa_Lugha

Samahani lakini mbona hicho ni Kiitaliano tu mnakipamba? Madonna, basta, bella, vyote Kiitaliano. Nimefanya kazi na Waitaliano Malindi mimi, hakuna lugha hapo ni lafudhi.

---

Mwl_Kibwana

Fundi, ndugu ndiyo, sawa sawa hapana. Kisiwa kile kilikuwa chini ya Pisa, na Pisa ni Toscana ambako Kiitaliano cha vitabuni kilitokea, ndo maana ukisikia Kikorsika unaona Kiitaliano kinapita pita. Baada ya Pisa kupigwa kwenye vita ya Meloria mwaka 1284 wakaingia Genoa wakakaa karne na karne. Mwaka 1755 Pasquale Paoli akaunda nchi huru, wakawa na chuo kikuu chao pale Corte mwaka 1765, halafu Genoa wakawauzia Wafaransa madai yao mwaka 1768, mwaka unaofuata Paoli akapigwa Ponte Novu na mchezo ukaishia hapo. Napoleon alizaliwa Ajaccio mwezi wa nane mwaka huo huo wa 1769, miezi michache tu baada ya vita.

Sasa chukua maneno ya huu uzi wenyewe. Muitaliano akitaka kusema sasa atasema *adesso* au *ora*, avà hana. Akitaka kukuonyesha kitu atasema *guarda*. Na ukienda kusini mwa kisiwa hata "bella" yako inabadilika, wanasema *bedda* na hiyo dd ulimi unakunjwa nyuma. Wenyewe ukiwaambia wanaongea Kiitaliano kibovu utakachojibiwa ni kile alichokataa Baharia kukiandika.

MtotoWaTabata, kuhusu shemeji kucheka. Inawezekana kabisa lugha yenyewe anaijua nusu nusu. Vijana wengi wa kule maisha yao yote yanakwenda kwa Kifaransa, shule Kifaransa, kazini Kifaransa. Sheria ya Ufaransa ya mwaka 1951 iliyoruhusu lugha za mikoa shuleni Kikorsika iliiacha nje, kikaingizwa mwaka 1974. Chuo cha Corte kilichofungwa enzi hizo kilifunguliwa tena mwaka 1981. Na juzi juzi tu, mwaka 2023, mahakama ya utawala ya Bastia iliamua kwamba wajumbe wa baraza la kisiwa kutumia Kikorsika kwenye mijadala yao ni kinyume cha katiba, kwa sababu katiba inasema lugha ya Jamhuri ni Kifaransa. Sasa kijana wa namna hiyo anaongea Kifaransa saa nzima, ila akishtuka ni avà, akikuona ni mì, akikuita ni o fulani. Tunao hapa hapa watoto wa Sinza lugha ya babu hawaijui hata salamu, waangushie chungu mguuni uone wanalia kwa lugha gani.

---

Fundi_wa_Lugha

Haya mwalimu nimekusoma. Hiyo ya mahakama imenishangaza, baraza la kisiwa chao wenyewe? Avà!

---

Chizi_wa_Kkoo

Huyu kashakolea 😂

---

DadaRehema_Mbgl

Mwalimu nina swali, hiyo "chi" naiona watu wanaandika kwenye picha zao za kule "chì bella" ndo chi gani, chii kama chizi?

---

Mwl_Kibwana

Hapana dada, ch kwao ni k. Soma "ki bella". Na hiyo ndo njia yao rahisi ya kushangaa kitu kizuri, unachukua *chì* unaweka sifa mbele yake na kazi imeisha. *Chì bella!* kwa kitu cha kike, *chì bellu!* kwa cha kiume, *chì maraviglia!* kwa maajabu, *chì spaventu!* ukitishwa. Ukitaka kushangaa ukubwa wa kitu unasema *quant'ellu hè grande!*, jinsi lilivyo kubwa, h haitamkwi.

Kigumu kwa wengi ni *chj* na *ghj*, lakini kwa mtu wa pwani ghj haina shida kabisa, ni j yetu ya "jambo", ile ya kubana ulimi juu. Kwa hiyo ukiona *Ghjesù!* usikimbie, sema kwa j yako ya Kiswahili na mkazo mwishoni. Wafaransa wa Paris wanahangaika nayo sana hiyo.

Kwa kutoamini kuna *daveru?*, yani kweli? Kuna *ma chì mi dici!*, unaniambia nini wewe. Na *ùn ci possu crede!*, siwezi kuamini. Hizi ni za kusimuliwa umbea, siyo za kuona.

---

Mama_Naila

Jamani nimechelewa, nilikuwa kwenye kikao cha vicoba. Naomba niongeze jambo moja ambalo naona wanaume mmelipita na ndo kubwa kuliko hayo yote kwenye shughuli ya harusi.

Mimi nililea watoto Ufaransa kwa familia moja ya watu wa Corte, bibi yao alikuwa akija anakaa na sisi. Sasa siku moja kaja mgeni wa mjini huko, kamuona mtoto, mtoto mwenyewe mnene mweupe mashavu yanadondoka, yule mgeni akaanza oo jinsi alivyo mzuri, oo macho haya, oo sijawahi ona. Bibi akakunja uso pale pale. Mgeni anashangaa anasifia halafu hamalizii. Kumbe kwao ukimshangaa mtoto unatakiwa uweke na baraka hapo hapo, *Diu u benedica*, Mungu ambariki. Usipoweka unampiga *l'ochju*, yani jicho. Ni mashallah hiyo wapendwa, mashallah kabisa, na kijicho kile kile tunachokiogopa sisi Mbagala wao wanakiogopa na baridi yao yote milimani kule.

Usiku mtoto akawa halali analia tu, homa hana. Bibi akachukua sahani nyeupe akatia maji, akachovya kidole kwenye mafuta ya zeituni akadondosha matone kwenye maji, midomo inacheza lakini sauti haisikiki. Anaangalia matone yanavyokaa. Nilisimama mlangoni na chupa ya maziwa mkononi sijui niingie au nirudi, nikasema moyoni haya mambo mbona nimeyaacha Bongo. Mwanamke wa kazi hiyo wanamwita *signadora*, na ile dua haandikiwi mtu wala hafundishwi siku yoyote, inarithishwa usiku wa kuamkia krismasi tu. Watu wa kanisani hao hao, rozari ipo mfukoni.

Mtoto alilala lakini msiniulize zaidi.

Kwa hiyo MtotoWaTabata mama yako akiona kajukuu ka kwao siku ya harusi asishangae kwa Kiswahili chake cha "makubwa haya!" halafu akakaa kimya. Aseme mashallah au Mungu ambariki na amnyooshee mtoto mkono wa baraka, wataelewa hata kama maneno hawayajui. Na yule mama mkwe akiona mtoto wa kwenu halafu akanong'ona kitu kinaishia na "benedika" msiruke, anamkinga huyo.

---

Chizi_wa_Kkoo

Yani wazungu nao wana kijicho?? Loh. Mimi nilijua ni sisi tu na Wapemba

---

Baharia_Mstaafu

Mama Naila umesema kweli tupu, yule foromani wangu alikuwa na mke anapigiwa simu toka kijijini kuulizia mambo hayo, mimi nilidhani anauza dawa.

Na hiyo ya kanisani ni kweli, Wakorsika na Bikira Maria ni ndugu. Mwaka 1735 walipokuwa wanagombana na Genoa walimtangaza Maria kuwa mlinzi wa kisiwa chao, wimbo wao wa taifa mpaka leo ni wimbo wa kumsalimu Malkia wa mbinguni, na tarehe 8 Desemba wanasherehekea kama sikukuu ya taifa lao. Sasa watu wa namna hiyo wakishtuka unategemea wamtaje nani? *O Signore!*, *Diu meiu!*, *Ghjesù Maria!*. Mkatoliki wa kwetu mzee naye utasikia Yesu na Maria, Muislamu utasikia lahaula, ni yale yale. Kuna na *ohimè!*, hiyo ni ya majonzi, uwiii yetu, ukisikia ohimè usicheke uliza kwanza nani kafa.

---

MtotoWaTabata

Wakuu mmenifumbua sana, sikujua uzi utafika huku. Nimemkalisha mama jana jioni nikamsomea posti za mwalimu na Mama Naila. Hiyo ya avà kaikubali shingo upande, anasema sawa lakini kichwa alikuwa anatikisa kwa nini. Ila ya jicho na sahani ya mafuta alikaa kimya kidogo akasema "basi huyo ni mtu anayejielewa". Toka hapo kinyongo hamna tena, anataka namba yake ya simu.

Nimembana na shemeji kakubali kila kitu, kumbe yeye Kikorsika anakielewa ila kukiongea anaona aibu mbele ya mama yake kwa sababu anamsahihisha sahihisha. Na amesema mama yake mpaka leo anawasimulia majirani kwamba Tanzania mgeni anakula mpaka wenyeji watakapotosheka wao. Ameshauri ndugu zake wakija waje na njaa 😂 Shangazi nimemfundisha *iè* ni ndiyo na *innò* ni hapana, kasema yeye ataangalia sahani ikiisha anaongeza mambo ya innò hayamhusu.

Sasa naomba la mwisho. Yule mama katuma ujumbe kwenye kundi la familia, kaandika *À ringraziavvi* na maua mengi. Mama anataka kumjibu mwenyewe kwa lugha yake siyo kupitia shemeji, halafu wiki ijayo tunamwambia kwamba dada ni mjamzito (ndio, harusi imesogea mbele kidogo kwa sababu hiyo, msinihukumu). Huyo mama atajibu nini na sisi tujue anafurahi au ndo balaa?

---

DadaRehema_Mbgl

Hongereni! Makubwa

---

Mama_Naila

Mashallah mashallah. Mungu amkuze humo humo tumboni. Ona nilivyosema.

---

Mwl_Kibwana

Hongera kwa familia. *À ringraziavvi* ni nawashukuru, kwa wengi au kwa mtu unayemheshimu. Mama yako amjibu *di nunda*, si kitu, karibu sana. Ni maneno mawili tu hakosei.

Kwa habari ya mimba msubirini. Wa kwanza kabisa utakuwa avà, hilo halikwepeki, na baada ya hapo atavuta pumzi. Msikilizeni la pili. Likija *chì bona nutizia!*, habari njema hiyo, andaeni chai. Likija Madonna au Ghjesù Maria, bado msiogope, mabibi wa kule wanamtaja Maria kwa furaha na kwa hofu vile vile, angalieni kama anamalizia na baraka. Na kuna moja mtaipenda, *ancu assai!*, ambayo mtu anaisema akishusha pumzi, "afadhali!", jambo limekwenda vizuri baada ya wasiwasi. Mama wa kijana aliyekawia kuoa akisema ancu assai kwenye habari ya mjukuu mjue kasubiri miaka.

Msimwambie kwa ujumbe wa maandishi lakini. Mpigieni simu yenye picha, mshangao wa Mkorsika uko kwenye mikono na sauti, kwenye maandishi utaona avà tu na mama yako ataanza upya.

---

Baharia_Mstaafu

Na shemeji awe karibu na simu safari hii asije akatoka nje na wazee tena.

---

MtotoWaTabata

Sawa wakuu nimeelewa, simu ya picha. Mwalimu hizo herufi zenye vijiti juu kwenye simu yangu sizioni, mama kaandika "di nunda" sawa haina shida, lakini mimi nikitaka kuandika avà na mì naandikaje?

---

Mwl_Kibwana

Bonyeza a uishikilie usiachie, zitajitokeza a nyingi juu yake, chagua yenye kijiti kinacholala kushoto, à siyo á. Kwenye i hivyo hivyo. Ukiweka cha kulia hatakukasirikia lakini atakusahihisha, muulize shemeji.